Zuhura, kiende hicho kikao

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, hofu ni juu yenu. Ningekupigia simu, lakini najua tungegombana kabla sijafika mbali, na hili nataka ulisome polepole. Salma kaniambia jaji wa ile kesi yako ya deni amewapeleka kwa msuluhishi, wewe na Makame, na kwamba umeapa huendi. Eti kwenda ni kukiri kosa.

Si kukiri chochote, mwenzangu. Msuluhishi hatoi hukumu, na mnayozungumza mbele yake hayageuzwi kuwa ushahidi siku ya kesi. Msipoelewana unarudi kwa jaji na madai yako yote, hayajapungua hata moja. Utakuwa umepoteza asubuhi moja. Umeshapoteza miaka mingapi?

Unakumbuka nilivyodaiana na yule mshirika wangu? Nilikuwa na daftari, kila tukitoka mahakamani naandika. Imetajwa. Imeahirishwa, wakili wake anaumwa. Imeahirishwa, jalada halionekani. Imetajwa. Imeahirishwa, shahidi hajafika. Miaka minne, na hakuna shahidi hata mmoja aliyesimama kizimbani, huku mashine tunazozigombania zinaota kutu stoo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko deni lenyewe.

Kilichotunasua ni jaji mpya. Alituita wote na mawakili wetu akauliza swali moja: hapa hasa mnabishania nini? Madai mengi tulikuwa hatuyabishanii, tuliyarundika tu. Akabakiza mawili. Akapanga ratiba palepale: nyaraka mwisho siku hii, maelezo ya mashahidi siku ile, usuluhishi uishe kabla ya tarehe fulani, na kesi isikilizwe tarehe fulani. Atakayeomba ahirisho bila sababu ya maana alipe gharama za mwenzake.

Kwa msuluhishi tulitengwa, kila mmoja chumba chake. Akaniuliza taratibu, "Ukishinda kila ulichoomba, utakipata lini, na kwa nani?" Nilinyamaza muda mrefu. Mwenzangu hakuwa na fedha, alikuwa na mashine. Basi nikachukua mashine, salio akalipa kwa awamu, tukatia saini, na mahakama ikaisajili suluhu yetu kama amri yake. Awamu ya pili alipochelewa sikufungua kesi mpya, niliomba kukazia hukumu tu, yaani mahakama imlazimishe kulipa. Akalipa.

Haya si mambo ya jana. Tanzania iliingiza usuluhishi katika kanuni za mashauri ya madai mwaka 1994. Uingereza, kanuni zilizoanza kutumika 1999 zilimpa jaji usukani wa ratiba, usibaki kwa mawakili. Kesi zile za njia ya haraka, zisizo kubwa wala ngumu sana, hupangwa zisikilizwe ndani ya wiki 30 tangu mahakama itoe maelekezo. Wiki, Zuhura, mimi na wewe tunahesabu miaka!

Lakini nisikufiche. Usuluhishi usio na kikomo ni ahirisho jingine lenye jina zuri. Makame namjua, anaweza kukaa kikaoni akitabasamu huku ananunua muda. Ndiyo maana nasema mwombe wakili wako amwombe jaji mambo mawili pamoja, siku ya mwisho ya usuluhishi na tarehe ya kusikilizwa endapo utashindikana. Mimi na yule bwana tusingesuluhishana bila ile tarehe iliyokuwa inatusubiri. Na kama anaanza kuhamisha mali, hapo usisubiri msuluhishi, omba zuio kwanza, amri ya mahakama ya kumkataza.

Nenda na karatasi zako. Hata ile risiti uliyosema imefifia.

Sasa nijibu. Je, tarehe ya kusikilizwa imeshapangwa, au jalada linaelea tu? Jaji ni yuleyule tangu mwanzo au wamebadilishana tena? Makame atakuja mwenyewe, au atamtuma mtu asiye na mamlaka ya kukubali hata nusu ya deni? Na wewe, ukiacha hasira kando, unataka hasa nini kutoka kwake: fedha, kiwanja, au akuombe radhi? Maana la mwisho hilo jaji hawezi kukupa. Mama goti linaendeleaje? Nije nikusindikize siku hiyo? Nitakaa nje kwenye benchi, niambie tu siku.

Wako,
Rehema