Zotero si ya kubandika marejeo tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri wanafunzi wenzangu wa uzamili kuhusu Zotero, programu ya bure ya kuhifadhi marejeo iliyotolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani. Wengi wetu huitumia kubandika marejeo katika tasnifu na kuishia hapo, ilhali data zake zinaweza kusomwa na programu tunazojiandikia wenyewe kwa lugha ya Python, kupitia maktaba ya msimbo, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, iitwayo Pyzotero.

Kinachohitajika ni namba ya utambulisho, aina ya mkusanyiko, yaani wa mtu binafsi au wa kikundi, na ufunguo, yaani msururu wa siri wa herufi na tarakimu unaoiruhusu programu yako kufikia data zako, unaouunda katika akaunti yako ya Zotero. Mimi nilikwama baada ya hapo: seva haitoi zaidi ya marejeo 100 kwa ombi moja, nami niliyekusanya zaidi ya 800 nikadhani mengine yamefutika, kumbe nilipaswa kutumia amri ya “everything”, inayoendelea kuomba mpaka data zote zifike.

Wapo wanaoona ni mkato kuliandikia moja kwa moja faili la zotero.sqlite, ambamo Zotero huhifadhi data zake katika kompyuta zao. Waundaji wa Zotero wenyewe wanalikataza jambo hilo, kwa kuwa laweza kuharibu hifadhidata nzima. Na ufunguo wako, tafadhali, usiuache ndani ya msimbo unaomgawia mwenzako. Kwa kazi ya kusoma tu, unda ule usioruhusu kuandika.

Msomaji wako,
Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro