Mtafiti wa mito asipimwe kwa namba moja

Mhariri,

Magazeti yetu yakimwandika mtafiti wa viumbe wa majini hayakosi kutaja idadi ya makala zake na mara ngapi wenzake wamezirejelea. Si vibaya, ila namba hizo husomwa ndivyo sivyo.

Inayotajwa sana ni faharasa ya h, aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtafiti mwenye 12 ana makala 12 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 12. Moja kati ya hizo ikirejelewa mara 900, faharasa inabaki palepale. Wala haishuki mtu akistaafu, hivyo kijana ashindanishwe na vijana wenzake. Tena kati ya hazina za mtandaoni zinazohesabu marejeleo, Google Scholar huhesabu hadi tasnifu na ripoti, wakati Scopus huhesabu machapisho iliyoyasajili tu. Ndiyo maana mtu mmoja huwa na namba mbili, na hajamdanganya mtu.

Majina nayo yana matata yake. Huku Mbeya akina Mwakyusa na Mwakalinga ni wengi. Ukiandika herufi moja tu ya jina la kwanza, kompyuta inaunganisha watu watatu kuwa mmoja. Ukiweka jina la kati leo na kesho ukaliacha, inakugawa mara mbili. Dawa ni namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti mmoja mmoja, tarakimu 16, haina malipo, nayo iwekwe kwenye kila makala. Hata ziwa hupotea hivyohivyo: anayetafuta Ziwa Kisiba la Rungwe ataikosa makala ya jarida la Science ya mwaka 2015, kwa kuwa humo limeandikwa Massoko. Ndiyo iliyoeleza jinsi samaki wa njano wa pembezoni na wa bluu wa kilindini, wa ukoo mmoja, wanavyoachana ndani ya ziwa lenye upana wa mita 700 hivi.

Makala ile inasomwa duniani kote, na inastahili. Lakini tuitazame TARISS, mbinu ya kupima afya ya mito ya Tanzania kwa wadudu wa majini, iliyofuata mfano wa SASS ya Afrika Kusini. Kinachotakiwa ni wavu wenye fremu ya sentimita 30 na matundu ya milimita 1, trei nyeupe na fomu. Unachokonoa mawe kwa miguu, maji yanawasukumia wadudu wavuni, kisha unawatambua kwa familia kwenye trei. Wasiovumilia uchafu wana alama kubwa. Minyoo na mabuu mekundu ya visubi wasiouma wana alama ndogo kabisa. Jumlisha alama, gawanya kwa idadi ya familia; jibu likiwa kubwa, mto ni safi. Inapoharibika ni pale mtu anapopima mara baada ya mvua kubwa, wadudu wameshasombwa, na mto safi ukasomeka mchafu. Au anachota mchangani tu, mawe kayaacha. Fundi wa ofisi ya maji ya bonde akijifunza hili, analitumia miaka yote bila kuandika makala hata moja ya kulirejelea.

Mto Ruaha Mkuu ndio mfano mzito zaidi. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Utafiti uliofanywa Usangu miaka ya 2000 ulikadiria kwamba ili zitoke kwenye ardhioevu ya Ihefu walau mita za ujazo 0.5 kwa sekunde wakati wa kiangazi, lazima ziingie wastani wa 7 hivi. Tofauti hiyo huliwa na jua na mimea ya ardhioevu yenyewe. Kwa hiyo kufunga mfereji mmoja juu ya Ihefu na kutegemea maji yaleyale yafike Msembe, huko chini ndani ya hifadhi, ni kujidanganya. Hesabu hiyo ikiingia kwenye vibali vya maji na zamu za mifereji, hakuna Scopus itakayoihesabu.

Basi mwandishi wenu akimhoji mtafiti, amuulize takwimu ghafi zimehifadhiwa wapi, na kama nakala imefika ofisi ya Bonde la Rufiji pale Iringa, au TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, pale Kyela kama ni samaki wa Nyasa. Makala nyingi zimefungiwa nyuma ya malipo, ila majarida mengi humruhusu mwandishi kuweka mswada uliokubaliwa kwenye hazina ya chuo chake. Aambatanishe kurasa mbili za Kiswahili zenye ramani ya vituo, tarehe za kupima na kifaa kilichotumika. Bila tarehe na kifaa, atakayepima baada ya miaka 10 hatakuwa na cha kulinganisha.

Msomaji wenu,
Gangilonga, Iringa