Barua ya malalamiko: pikipiki mliyoniundia haishiki njia

Kisauni, Mombasa
14 Julai 2025

Kwa Meneja,
Karakana ya Kuunda Pikipiki,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: USUKANI NA SHOKABU ZA PIKIPIKI MLIYONIUNDIA

Nakuandikia kuhusu pikipiki yangu ya 250cc niliyowaletea muigeuze iwe ya umbo la kafe resa, ule mtindo wa mbio wenye mbele iliyoinama. Kazi hiyo niliilipia shilingi 185,000, mkaniambia imekwisha. Haijaisha. Inapendeza macho, hilo siwanyimi haki yenu: rangi ya tangi imetulia, kiti kimeshonwa na mtu anayejua kushona, na kila nikiiegesha vijana huizunguka kuitazama. Lakini haishiki njia. Ikikaribia kilomita 70 kwa saa usukani unaanza kutikisika wenyewe, na nikishika breki kwa nguvu sehemu ya mbele inadidimia halafu inayumba. Naomba uisome barua hii hadi mwisho kabla ya kunijibu, kwa maana jibu ambalo fundi wenu mkuu amenipa kila nikija, kwamba nitaizoea, mimi silikubali.

Pahali panaponitisha zaidi ni Daraja la Nyali. Msimu huu kusi inavuma kutoka upande wa bahari na inampiga mwenye pikipiki ubavuni. Pikipiki isiyo na kasoro husukumwa kidogo, dereva akairudisha, yakaisha. Hii yenu ikisukumwa hairudi. Usukani unachukua ule msukumo na kuugeuza mtikisiko wa haraka, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka mikono inakufa ganzi, na nyuma yangu kuna matatu inayotaka kunipita. Dawa pekee ni kuachia mafuta polepole na kuomba Mungu. Kwenye daraja la Mteza, kule Dongo Kundi, ni vivyo hivyo, na siku hizi sipiti tena upande huo. Mke wangu hapandi tena nyuma, wala simlaumu.

Mlipoambiwa mara ya kwanza, mlisema ni tairi. Tairi ni jipya na nyinyi ndinyi mlioliweka. Mara ya pili mlisema ni upepo. Mara ya tatu fundi wenu alichukua spana, akaikaza nati ya beringi za shingo, yaani lile bomba la mbele la fremu ambamo usukani huzungukia, akanirudishia funguo. Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli, maana nati ile haikuwa imelegea. Aliikaza kupita kiasi ili mtikisiko usionekane. Matokeo yake ni kwamba sasa pikipiki inanisumbua hata kwenye foleni ya feri pale Likoni. Mtu akienda mwendo wa pole huisawazisha pikipiki kwa kugeuza usukani vipande vidogovidogo bila hata kufikiri, na usukani ukiwa mgumu hawezi. Naenda nikipepesuka kama mlevi mbele ya watu. Tuliponyanyua gurudumu la mbele na kuuzungusha usukani kwa kidole, ulinasa katikati, "tak", palepale pa kwenda moja kwa moja. Beringi zimeshachimbika. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Baada ya hapo nilimpelekea fundi mmoja mzee kule Changamwe, mtu asiye na ugomvi nanyi wala hajui nililipa kiasi gani. Hakuanza kwa kulaumu mtu. Aliisimamisha pikipiki wima kwenye sakafu ya saruji, akaniambia nikae juu yake na uzito wangu wote huku kijana wake akiishika, kisha akateremsha timazi kutoka kwenye ekseli ya mbele mpaka chini. Pale ncha ilipogusa akatia alama ya chaki. Akachukua bomba refu lililonyooka, akalilaza sambamba na shingo ya fremu, akaufuata mstari ule mpaka unapokutana na sakafu, akatia alama ya pili. Akaniita nitazame. Alama zile mbili zilikuwa karibukaribu mno, hazifiki upana wa vidole vinne. Milimita 66.

Umbali huo, ambao hapa nitauita mkokoto, ndio unaoifanya pikipiki ijue kwenda mbele. Mahali tairi linapogusa ardhi panatakiwa pawe nyuma ya mahali mstari wa shingo unapogusa ardhi, ili gurudumu likipigwa na jiwe au upepo livutwe lirudi katikati lenyewe, kama gurudumu dogo la troli ya dukani linavyogeuka kufuata troli inakokwenda. Mkokoto ukiwa mrefu mno usukani unakuwa mzito na pikipiki haitaki kukata kona. Ukiwa mfupi mno usukani unakuwa mwepesi ajabu, raha tupu mtaani, lakini mwendo ukiongezeka hakuna cha kuurudisha.

Fundi yule alikuwa na pikipiki nyingine ya aina hiyohiyo ambayo haijaguswa, tukaipima kwa njia ileile. Mlalo wa shingo yake ni nyuzi 27.5 kutoka wima, na mkokoto ni milimita 108. Yangu sasa ina mlalo wa nyuzi 24 na hizo milimita 66. Mmeninyang'anya zaidi ya theluthi moja ya kitu kinachoishikilia njiani, na hakuna hata mmoja wenu aliyenitajia jambo hilo wakati wa kupatana bei.

Imefikaje hapo? Nitaeleza, kwa sababu nataka ujue kwamba haya hayatokani na hisia zangu. Mliziondoa shokabu za mbele za asili mkaweka zile nene zilizogeuzwa kichwa chini, na mkazipandisha zikapita juu ya kibano kinachozishika ili mbele iinamie. Gurudumu la inchi 18 mkalibadilisha kwa la inchi 17. Kwa hayo mawili mbele imeshuka milimita 40, yaani 30 za shokabu, 20 kati yake zikiwa za kupandishwa, na 10 za gurudumu. Nyuma nako mkaongeza vipande vya chuma chini ya shokabu, ikapanda milimita 40 nyingine. Kutoka ekseli hadi ekseli ni milimita 1,330. Ukiinamisha chombo cha urefu huo kwa milimita 80, shingo inasimama kwa karibu nyuzi 3 na nusu. Hesabu hiyo mwanafunzi wa sekondari anaiweza.

Kwa hayo peke yake bado pikipiki ingeendeka. Kilichoimaliza ni vibano. Vibano viwili vinavyoshika shokabu, cha juu na cha chini, huziweka mbele kidogo ya mstari wa shingo. Vya asili viliziweka milimita 45 mbele. Vyenu vinaziweka milimita 60. Fundi wenu aliniambia mbele ya watu kwamba kuzisogeza shokabu mbele kunaongeza uthabiti, kwa vile gurudumu linakwenda mbali zaidi. Ni kinyume chake kabisa. Ukilisogeza gurudumu mbele unalisogeza pia lile pahali tairi linapogusa ardhi, linakaribia mstari wa shingo, na mkokoto unapungua. Vibano vya namna hiyo vina kazi yake kwenye chopa, zile pikipiki ndefu zenye gurudumu la mbele lililo mbali, ambazo shingo imelazwa sana na mkokoto umekuwa mrefu kupita kiasi, kwa hiyo fundi anaupunguza kwa makusudi. Nyinyi mmeisimamisha shingo, halafu mkaweka dawa ya ugonjwa wa shingo iliyolala.

Na tafadhali nisiambiwe tena kwamba hata Yamaha R1, pikipiki ya mbio, ina shingo ya nyuzi 24. Ni kweli inayo. Ila mkokoto wake ni milimita 102. Walioiunda waliisimamisha shingo na wakati huohuo wakahakikisha mkokoto umebaki. Mtu akichukua namba moja ya R1 na kuiacha ya pili, hajaiga R1.

Sasa njoo kwenye springi, ambako sitakaa sana. Shokabu za mbele zina mwendo wa milimita 120. Nikikaa juu, zinazama milimita 58, karibu nusu, kabla sijaondoka hata nyumbani. Kwa kawaida fundi hutafuta mzamo wa kati ya robo na theluthi ya mwendo, yaani hapa 30 hadi 40. Za nyuma, zenye mwendo wa milimita 100, zinazama 10 tu. Mbele laini kama godoro, nyuma ngumu kama ukuta. Kwa hiyo nikigusa breki mbele inazama, nyuma inanyanyuka, shingo inasimama zaidi, na zile milimita 66 zinapungua tena wakati ule ule ninapozihitaji zaidi. Je, kuna mtu yeyote pale kwenu aliyeniuliza nina uzito wa kilo ngapi? Hakuna.

Nyuma kuna jambo jingine ambalo nawaomba mlitazame kwa macho yenu. Kwa kuwa mmeinyanyua, mkono unaoshika gurudumu umeinama sana, na cheni inasugua mpira wa kinga hapo karibu na egemeo lake. Mpira una mfereji ambao ncha ya kidole changu kidogo inaingia. Tena cheni ilikazwa gurudumu likiwa limening'inia kwenye stendi. Abiria akipanda, mkono unanyooka, ekseli inalingana na egemeo na sproketi ya mbele, na hapo cheni inafika mwisho wa kukaza. Uzito wote huo unabebwa na beringi ya giaboksi. Itakapokufa najua nitaambiwa injini ni ya zamani.

Mwisho, mlisahau vizuizi vya usukani, au mliviona vinaharibu sura, sijui. Nikigeuza mpaka mwisho kushoto, bomba la shokabu linagonga tangi. Limeshalibonyeza tangi na rangi imepasuka kuzunguka bonde hilo, na bomba la breki ya mbele linavutika hadi linaonekana jeupe kwenye kiungo. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine. Bomba la breki likichomoka wakati nageuza pale Kongowea sokoni, kina mama wamepanga nyanya hatua mbili kutoka barabarani.

Ninachotaka ni hiki. Vibano vya milimita 60 vitoke. Vya asili haviwezi kuingia kwa sababu shokabu mpya ni nene zaidi, kwa hiyo ama mnirudishie shokabu za zamani pamoja na vibano vyake, ambavyo ni mali yangu na bado viko kwenu, ama mchongeshe vibano vipya vya milimita 45 kwa fundi wa kukereza, kwa aluminiamu ya daraja la kazi hiyo na wala si ya mabaki yaliyoyeyushwa. Vile vipande mlivyoongeza nyuma viondoke. Shokabu za mbele zishushwe kwenye vibano kwa zile milimita 20 zilizopita juu. Tumekwisha kupiga hesabu: kwa mpangilio huo, na gurudumu lenu la inchi 17 likibaki, mlalo unarudi karibu nyuzi 26.6 na mkokoto karibu milimita 97. Umbo mlilonipa litabaki kwa sehemu kubwa. Beringi za shingo zibadilishwe, zikazwe kama inavyopasa. Springi zipangwe nikiwa nimekaa juu yake. Vizuizi vichomelewe, tangi lipigwe rangi, bomba la breki liwe jipya na refu kiasi cha kutosha. Msiniwekee shokabu ya usukani, kile kifaa cha kuuzuia usitikisike, kabla ya hayo kufanyika. Huyo mzee amenionya kwamba hilo ndilo litakalokuja sasa, na kwamba ni kukaza nati kwa bei kubwa zaidi.

Kazi ikiisha nataka karatasi yenye vipimo: mlalo, mkokoto, mzamo wa mbele na wa nyuma, na kama gurudumu la nyuma linafuata njia ya la mbele. Tulipovuta uzi kando ya magurudumu yote mawili, ulionyesha la nyuma limepita pembeni kwa milimita 9.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 na kifungu cha 46 cha Katiba vinanipa haki ya huduma yenye ubora unaostahili, ya kulindwa usalama wangu, na ya kulipwa fidia nikipata hasara kwa kasoro. Sitamani kufika mahakamani na watu ninaokutana nao Ijumaa msikitini. Lakini Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na hili langu liko chini sana ya hapo. Nisipopata jibu la maandishi kufikia tarehe 28 Julai, nitadai pesa zangu zote huko, pamoja na gharama ya beringi na tangi.

Pikipiki sitaileta kwa kuiendesha. Iko Changamwe, imefungwa, na vipimo vyote viko kwenye daftari la huyo fundi. Mje na pikapu kuichukua, na aje fundi wenu mkuu mwenyewe, aishike timazi kwa mkono wake kabla haijapakiwa.

Wako mwaminifu,

Mwenye pikipiki
(sahihi)