Barua kutoka Wete: mwendo wa Babu

Wete, Pemba
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mvua za vuli zishaanza, karafuu tunazianika baina ya wingu na wingu, na jana tumezikusanya majamvini mara tatu kwa siku moja. Mama anakusalimia sana.

Uliniuliza kwenye simu vile vidude ninavyowafunga watu miguuni vinanisaidia nini, nami nikakujibu kwa haraka kwa kuwa nilikuwa na mgonjwa ananisubiri. Leo nakuandikia kwa kituo, maana jibu lenyewe limebadilika tangu wiki iliyopita, na aliyelibadilisha ni Babu.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo, umeme ukikatika, tukikaa ukumbini gizani tukibahatisha nani anapita kwa mlio wa miguu tu? Babu na makubadhi yake, pa, pa, pa, sawasawa kama mpiga dufu. Mjomba akiburura. Bi Mkubwa miguu haisikiki, unasikia bangili. Kazi yangu ya leo ni ileile ya ukumbini. Shida ni kwamba sikio la mtu wa nyumbani huzoea. Mtu akibadilika kidogokidogo kila siku, sisi tunaoishi naye ndio wa mwisho kujua.

Babu, kama ujuavyo, alipata kiharusi kabla ya Ramadhani, upande wa kushoto. Ulimi ulirudi mapema, mkono ukarudi nusu, na mguu ukarudi mpaka akaanza kwenda msikitini mwenyewe na bakora yake. Nyumba nzima ikasema kapona. Mimi niliyesomea mazoezi ya viungo nikaitikia pamoja nao, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa hivyo vidude. Kimoja ni kama kiberiti kwa ukubwa, na ndani yake mna vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni akselerometa. Ukiwa ndani ya daladala na dereva akakanyaga breki ghafla, mwili unakwenda mbele hata kama umefumba macho. Ndani ya akselerometa kuna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikwa na springi za silikoni hiyohiyo. Mguu ukishtuka, kile kipande kinachelewa kidogo kuufuata, na ule mchepuko ndio unaogeuzwa kuwa namba. Hata ukikiweka mezani kimetulia kinasoma 9.8, yaani mita kwa sekunde kila sekunde, kwa sababu ya mvutano wa dunia, na kwa hilo kinajua chini ni wapi. Cha pili ni jairoskopu, ambayo inapima kuzunguka: wayo unavyoinama tangu kisigino kugusa ardhi mpaka vidole kuiaga. Vyote viwili vinaandika mara 100 kwa sekunde. Vingine vina na dira ya sumaku, lakini mimi ile nimeizima. Nyumba zetu za zege zina nondo kila ukuta, na chuma kinaipoteza.

Kupata urefu wa hatua ndiko kugumu, na hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Kompyuta inajumlisha mchapuko, yaani kasi inavyobadilika, ipate kasi yenyewe, kisha inajumlisha kasi ipate umbali. Kosa dogo la mwanzo likijumlishwa mara mbili linavimba, na baada ya dakika moja namba zinakwambia mtu kashafika mahali ambapo hajaenda. Mfikirie nahodha wa usiku, anayekisia alipo kwa upepo na muda tu. Kila saa ikipita kosa lake linakua. Akiuona mnara wa taa wa Ras Kigomasha, anaanza hesabu upya kutoka pale. Mguu nao una mnara wake. Kila hatua, unyayo ukilala chini, kuna muda mfupi ambapo hauendi popote: kasi yake ni sifuri, na hilo tunalijua hata bila kipimo. Basi programu inalifuta kosa pale pale na kuanza upya. Mtu akienda hatua elfu, minara elfu. Ndiyo maana nakifunga juu ya wayo wenyewe, na kingine kiunoni kwa nyuma.

Siku ya kwanza nilikosea. Babu alikuwa na makubadhi, nikakifunga kwenye ukanda wa kubadhi badala ya mguu, nikaona ni rahisi zaidi. Grafu ikatoka na vilele viwili kila kisigino kilipotua, nikakesha usiku mzima nikidhani nimegundua ugonjwa. Kumbe kubadhi linachelewa nyuma ya kisigino, linapiga ardhi kivyake. Nilikuwa nimepima mwendo wa ngozi ya ng'ombe. Siku hizi nakifunga kwenye ngozi ya mtu mwenyewe, na kitambaa cha pamba chini yake kwa ajili ya jasho.

Wazo la kupimia miguuni si geni. Huko Ufaransa, miaka ya 1870, Étienne-Jules Marey aliwavisha watu viatu vyenye chumba cha hewa chini ya soli. Mguu ukikanyaga, hewa inasukumwa kwenye mrija wa mpira mpaka kwenye kalamu, na mtembezi anabeba chombo cha kuandikia mkononi. Baadaye zikaja kamera, na mpaka sasa vyumba vya kamera ndivyo vinavyosifiwa kwa usahihi. Lakini kamera inataka mwili uonekane: nguo za kubana na alama zilizobandikwa nyongani, magotini. Hebu nieleze, nani katika mama zetu atakubali? Kidude changu kinakaa chini ya baibui, hakuna anayekiona, na mwanamke anatembea na sitara yake kamili. Nimewapima mama watu wazima ambao hata paja hawajawahi kumfunulia daktari. Kwangu mimi hili peke yake linatosha kukipenda.

Nikampima Babu kazini kwetu, kwenye sakafu ya saruji, mita 10. Alitumia sekunde 16. Mtu mzima mwenye afya huenda baina ya mita 1.2 na 1.4 kwa sekunde, na yeye hakufika hata 0.7, ingawa kwa macho nilimuona anakwenda vizuri. Kilichonishtua zaidi ni mgawanyo. Kwa kawaida, tangu kisigino kugusa ardhi mpaka kisigino kilekile kiguse tena, wayo unakaa chini kama asilimia 60 ya muda na uliobaki uko hewani. Wa kushoto wa Babu ulikaa 62, wa kulia 74. Mguu wa kulia, ulio mzima, ulikuwa unaharakisha kurudi chini kumuokoa mwenziwe. Zile pa, pa, pa za utotoni zishakuwa paa, pa, paa, pa, na sisi hatukusikia.

Hata hivyo nilijua namba zile ni za siku ya wageni. Mtu akiambiwa anapimwa hujipanga, anaangalia mbele, anahesabu hatua moyoni. Nikamuomba ruhusa nimfunge na siku nyingine, aende navyo msikitini sala ya Alasiri, mimi nifuate nyuma kwa mbali. Akasema, "Fuata, mjukuu wangu, lakini usinishike mkono mbele za watu."

Njia unaijua: ile ya mteremko, mizizi ya mwembe imejitokeza, mawe huku na huku. Usiku nikafungua grafu nikakuta mapengo matatu. Mahali matatu ambapo mistari ililala kabisa, kama betri imekatika. Nikakagua lastiki, nikakagua simu, kila kitu salama. Ndipo nikaanza kukumbuka njia, na kila pengo likapata mtu wake. Muuza samaki penye kona. Maalim wa chuo. Watoto wawili waliosema "Shikamoo Babu" kwa pamoja. Kila aliposalimiwa, hatua mbili za mwisho zilifupika, kisha akasimama, kisha "Marhaba," kisha akaanza tena kwa mguu wa kulia. Hawezi tena kutembea na kuitikia kwa wakati mmoja. Akili ambayo zamani iliuacha mguu ujiendee sasa inausimamia kila hatua, na salamu inaiita pembeni.

Salamu ya nne, shoga yangu, haikumsimamisha. Kijana alimpita kwa baiskeli akamsalimu huku anakwenda, na Babu akageuza shingo kumuitikia bila ya kusimama. Kwenye jairoskopu ya kushoto, katikati kabisa, pale ambapo mguu ungekuwa unapaa hewani, mna mkwaruzo. Vidole viligusa ardhi. Hatua iliyofuata ya kulia ni fupi kupita zote za siku ile, na kiuno kilitikisika mbele. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua ishirini, na nilichokiona ni mzee aliyeegemea bakora kidogo na kuendelea na safari.

Nimesoma kwamba watafiti wa Sweden waliliandika jambo hili mwaka 1997: wazee wanaosimama kutembea pale mazungumzo yanapoanza ndio walioanguka zaidi baadaye. Nilikuwa nalijua tangu chuoni. Sikuwahi kufikiri lina uzito gani katika mji ambao huwezi kupita nyumba tatu bila ya kuulizwa habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto.

Kwa hiyo sasa nafanya kazi kwa namna nyingine. Mguu wa kushoto unapata mazoezi yake ya kunyanyua vidole, kama ilivyokuwa. Lakini pia kila jioni tunatembea ukumbini, mimi namsalimu anapotembea, yeye ananijibu, kwanza kwa neno moja, halafu mawili. Njiani nimemuomba asimame kwanza kwa miguu yote miwili ndipo aitikie, na asione haya. Na wenzangu wa huko Unguja wanaopima watu kwenye korido tu nimewaambia waziwazi: tokeni nje. Anakoangukia mtu ndiko apimwe.

Sasa lako. Uliniambia mama yako siku hizi anashika ukuta akienda jikoni, ukasema ni uchovu. Huna haja ya kunisubiri. Mpimie mita 4 kwa kamba ukumbini, aanze kutembea kidogo kabla ya alama, uhesabu sekunde kwa simu. Zikizidi 5, niambie, maana hiyo tayari ni chini ya mita 0.8 kwa sekunde. Kisha siku nyingine, bila ya kumwambia, muulize jambo akiwa katikati ya safari yake ya jikoni, utazame miguu na si uso.

Ukija kwa boti mwisho wa mwezi, ninunulie Darajani mita mbili za lastiki pana, kama vidole vitatu, nyeusi. Nyeupe Babu haitaki, anasema inafanana na bandeji, na yeye si mgonjwa.

Nijibu umeona nini.

Ni mimi shogayo akupendaye