Nyanya juu ya shina la biringanya

Makorora, Tanga
Mwishoni mwa Agosti

Shoga yangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, na mama anakusalimu sana. Mpe bibi shikamoo yangu.

Barua yako nimeisoma, na nimeumia pale uliposema ile bustani ya nyuma ya nyumba utaiacha iote majani kwa sababu nyanya zinakufa kila msimu. Usiiache. Mche unaolegea jua likiwaka, jioni ukajiinua kidogo, kisha siku chache baadaye ukafa huku majani bado ya kijani, dalili yake naifahamu. Ila hakikisha kwanza. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, tulia utazame. Zikishuka nyuzi nyeupe pale ulipokata, huo ni mnyauko bakteria. Vimelea vyake hukaa udongoni miaka, vinapenda joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili. Atakayekuuzia dawa ya ukungu anakumalizia fedha tu. Lushoto kule juu kuna baridi, wanahangaika nao kidogo. Sisi wa chini lazima tutafute njia yetu.

Njia yenyewe ni kubebesha, yaani kuunga kichwa cha mche mmoja juu ya shina la mwingine. Machungwa ya Muheza tumeyala tangu utotoni, na unajua miche yake hubebeshwa juu ya mlimau. Nyanya nayo hubebeka juu ya biringanya, maana ni ukoo mmoja. Mizizi inayogusa udongo mbovu inakuwa ya biringanya, matunda yanabaki nyanya. Wajapani walilianza jambo hili kwa tikitimaji katika miaka ya 1920, wakalibebesha juu ya boga kukwepa ugonjwa wa udongoni. Lakini si kila biringanya inahimili mnyauko. World Vegetable Center, wale watafiti wa mboga wenye kituo Arusha, walizipima aina nyingi na mojawapo waliyoipendekeza ni EG203. Hiyo huvumilia hata maji yakituama, nawe bustani yako wakati wa mvua naijua ilivyo.

Sia biringanya siku tatu hivi kabla ya nyanya, kwa kuwa huchelewa kukua. Miche ikiwa na majani halisi mawili au matatu, mbali na yale mawili ya mwanzo ya kuotea, na shina nene kama njiti ya kiberiti, iko tayari. Fanya kazi jioni, kivulini, kwa wembe mpya na mikono iliyonawa. Biringanya ikate juu ya yale majani mawili ya mwanzo, mkato wa mshazari. Nyanya ikate mshazari uleule, uchukue kichwa chake. Hicho ndicho kikonyo. Chagua kikonyo chenye unene sawa na shina, hapo usikubali karibu-karibu. Vishikanishe kwa kipande kifupi cha kale kampira kembamba ka valvu ya baiskeli, ukipasue upande mmoja ili mche ukinenepa kiachie chenyewe.

Sasa ndipo penye kazi, Mwanahawa, na hapa ndipo wengi huipoteza miche. Kikonyo hakina mizizi, kwa hiyo hakinywi. Kikipata upepo au jua, kimekwisha. Weka miche ndani ya beseni lenye maji kidogo chini, inue vikopo juu ya matofali visiloe, funika yote kwa nailoni, na juu yake kanga nzito izuie mwanga. Siku mbili tatu za kwanza iwe gizani kabisa. Kisha punguza kanga, kisha fungua nailoni kidogo asubuhi na jioni, ukiona majani yanalegea funika tena. Baada ya wiki moja hivi jeraha linakuwa limeshikana. Usimwagilie juu ya kiungo.

Ukihamishia bustanini, kiungo kikae juu ya udongo. Najua tumezoea kuizika nyanya shingoni iote mizizi mingi, lakini hii ukiizika, nyanya itatoa mizizi yake yenyewe na ugonjwa utaingilia humohumo. Machipukizi ya biringanya yakitokea chini, yavunje mara moja.

Jambo moja nakusihi kwa dhati: usijaribu kamwe kubebesha juu ya mnanaha, ule mmea wa sumu, hata kama unaota bure uani. Nao ni wa ukoo huohuo na nyanya hushika vizuri, ila sumu yake hutengenezwa mizizini na kupanda hadi kwenye matunda. Watu wamewahi kudhurika kwa kula nyanya za namna hiyo. Ya biringanya haina neno. Mwambie bibi aondoe hofu.

Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, na ugonjwa wa bakajani bado vitakuja, kubebesha hakuzuii wadudu wala magonjwa ya majani. Hilo utapambana nalo kama zamani.

Mbegu za EG203 nimezipata kupitia Arusha, nimezifunga pamoja na barua hii. Ukizisia wiki hii, miche itakuwa tayari kwa vuli. Nyanya tumia ileile unayoipenda. Na ukipata mbegu za mung'unya huko kwenu nitumie, nataka kujaribu kubebesha tikiti.

Shoga yako,
Saumu