Wino wa printa: wauzaji watuandikie mililita na aina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie neno wenye maduka ya papeteri (vifaa vya kuandikia) na sekretariati (vibanda vya kuchapia hati) za hapa Lubumbashi, pamoja na wateja wao. Wino wa bei nafuu unaouzwa kwenye vichupa si lazima uwe mbovu. Kinachotuumiza ni kuuziwa kichupa kisichosema kina mililita ngapi, ni wino wa aina gani, wala ni wa mashine ipi.

Tuanze na hesabu. Kartushi (kikasha cha wino kinachoingizwa kwenye printa) nyeusi ya kawaida ya HP 305 ina mililita 2 tu, na kiwanda kinasema inatoa kurasa 120 hivi. Chupa nyeusi ya Epson 103, ya mashine za tangi (zinazomiminiwa wino kutoka chupani) kama L3110 na L3250, ina mililita 65 na inahesabiwa kurasa 4,500. Mililita moja basi inachapa kurasa 60 kwenye ile ya kwanza na kama 69 kwenye ya pili. Mashine zote mbili zinakunywa karibu sawa. Unacholipia zaidi kwenye kartushi si wino wenyewe. Tuseme kartushi inauzwa dola 18: kila ukurasa umekula senti 15 za wino. Tuseme chupa inauzwa dola 15: ukurasa haufiki hata nusu senti. Anayenunua printa kwa sababu ni rahisi dukani afanye kwanza mgawanyo huo.

Kurasa hizo za HP hupimwa kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO/IEC 24711, mashine ikichapa mfululizo; Epson hukadiria za chupa zake kwa njia yake yenyewe. Mtu anayechapa karatasi mbili Jumatatu na moja Ijumaa hazipati, kwa kuwa kila mara mashine inapojisafisha, wino unamwagwa bila kugusa karatasi.

Sasa aina ya wino, na hapa ndipo watu wengi wanaharibikiwa. Kuna wino wa rangi iliyoyeyuka kabisa, kama sukari kwenye chai, na kuna wino wa pigmenti, wenye chembe ndogo sana zinazobaki juu ya karatasi. Nyeusi ya HP 305 ni pigmenti, na nyeusi ya Canon GI-490 pia. Epson 103 ni ya kuyeyuka, hata nyeusi yake. Kwa karatasi za shule haina shida. Lakini atestasyo (cheti) inayobebwa hadi ofisi ya komini mwezi wa Januari, mvua ikinyesha, itavuja herufi zake ikiwa ilichapwa kwa wino wa kuyeyuka kwenye karatasi ya kawaida. Kujua ni rahisi: chapa mstari mmoja mweusi mnene, acha ukauke saa moja, kisha dondoshea tone la maji. Ukitawanyika, usichapie hati ya kutunzwa.

Aina hizo mbili zisichanganywe kwenye tangi moja. Chembe zinaweza kugandamana na kuziba matundu ya kichwa cha printa (sehemu inayorusha wino kwenye karatasi), ambayo ni membamba kuliko unywele. Tena HP na Canon za nyumbani zinachemsha wino ndani ya kichwa ili kiputo kisukume tone, wakati Epson inasukuma bila moto, kwa kipande kinachojikunja umeme ukipita. Wino usiotengenezwa kuvumilia joto unaacha masizi kwenye vipasha-moto vya kartushi, na maandishi yanafifia hata kama umejaza juzi. Wino mmoja wa "printa zote" mimi siuamini.

Anayejaza kartushi mwenyewe kwa bomba la sindano atie polepole, asizidishe mililita zilizoandikwa kwenye boksi. Wino ukitokeza kwenye tundu, avute kidogo urudi ndani. Kisha aibonyeze kwenye karatasi laini iliyokunjwa, bila kusugua: nyeusi iache mstari mmoja usiokatika, ya rangi iache mitatu iliyoachana. Printa itaendelea kudai kartushi ni tupu, maana chipu haijui kuwa imejazwa.

Delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, nayo inaua vichwa vya printa. Ukizima kwa kitufe, kichwa kinarudi kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kinabaki wazi, na kiangazi chetu cha Mei hadi Septemba kinakausha haraka, vumbi jekundu likiongezea. Umeme ukirudi, washa mashine ijipange, ndipo uizime. Chapa ukurasa wa majaribio wenye rangi zote kila wiki. Mistari ikikosekana kwenye Epson ya tangi, safisha mara tatu, si zaidi, kisha iache saa 12 kabla ya kujaribu tena. Wanaosafisha mara kumi mfululizo wanamaliza wino na kujaza sponji ya chini inayopokea uchafu. Sponji hiyo ina hesabu yake. Ikifika mwisho, mashine inakataa kuchapa. Fundi akikurudishia hesabu kwa programu bila kubadilisha sponji, siku moja wino utamwagika mezani.

Jambo la mwisho ni kwa wanaonunua HP za mitumba kutoka Ulaya. Tazama kama jina linaishia na herufi "e", mfano DeskJet 2720e. Ikiwa mwenyewe wa kwanza aliiandikisha kwenye mpango wa HP+, inataka intaneti na kartushi halisi za HP peke yake. Za kujazwa itazikataa. Muuzaji aseme hivyo kabla hajapokea pesa.

Fundi wa mashine za ofisi,
Komini ya Kenya, Lubumbashi