Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: jiko la nyumbani nalo litambuliwe

Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUANZISHWA DARAJA LA USAJILI KWA WAOKAJI WA NYUMBANI

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu za heshima kutoka Morogoro. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi pembezoni mwa mji, kule ambako viwanja bado vina nafasi ya kupanda kitu. Nafuga kuku wa mayai, nalima viazi lishe na mboga nyuma ya nyumba, na naoka mikate, maandazi na skonsi za kuuza. Nimeamua kukuandikia wewe kwa sababu TBS inayosimamia viwango vya bidhaa, SIDO inayohudumia viwanda vidogo na BRELA inayosajili biashara zote ziko chini ya wizara yako, na sehemu kubwa ya ninachoomba inaanzia hapo.

Ombi lenyewe ni hili: mtu anayeoka vyakula vikavu nyumbani kwake na kuwauzia majirani aruhusiwe kusajiliwa kama mwokaji wa nyumbani, kwa masharti ya usafi yanayolingana na jiko la nyumbani, asipimwe kwa kipimo kile kile cha kiwanda cha mikate.

Utauliza, kwa nini asikodi fremu kama wengine? Mtoto wangu wa pili ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo anajua kwamba maumivu hayapigi hodi. Unamlaza mzima, saa nane za usiku unamsikia analia miguu. Lazima maji ya kunywa yawepo, dawa ziwepo, na mtu wa kumbeba kumkimbiza hospitali awepo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo siandiki habari za nyumba moja. Wapo wanaouguza mzazi aliyepooza. Wapo waliojifungua juzi na hawana wa kumwachia mtoto. Wapo kina baba waliofiwa na wenzi wao, wanalea peke yao. Watu hawa hawawezi kufungua duka mjini saa moja asubuhi na kurudi saa mbili usiku, na hawataweza mwakani wala mwaka keshokutwa. Mnapotuambia tuanzie nyumbani kisha "tukue" tuhamie kwenye jengo la biashara, mnatupangia safari ambayo wengi wetu hatuna namna ya kuifunga. Nyumbani ndipo tulipo na ndipo tutakapofanyia kazi.

Naomba nikueleze shughuli yenyewe ilivyo, maana nimeona watu wakisikia "biashara ya mama wa nyumbani" wanadhani ni ya kupotezea muda. Kuku wangu wanakula pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Nachanganya mwenyewe, kwa kuwa chakula cha dukani hupanda bei wakati bei ya trei ya mayai imesimama pale pale. Chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku unaoambukiza haraka, siikosi, tone moja kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu mdondo ukiingia bandani unaweza kukuachia banda tupu ndani ya wiki. Samadi yao, ikishakaa ikaoza vizuri, inaenda kwenye matuta ya viazi. Viazi vikivunwa, vizuri vinaingia jikoni, vilivyokatwa na jembe vinachemshwa vinarudi kwa kuku, na matembele ni mboga yetu ya jioni. Mayai mengine yanauzwa, mengine yanaingia kwenye skonsi. Hakuna kinachotupwa pale uani.

Mkate wangu watu wanaufuata kwa sababu ya viazi lishe, vile vyenye rangi ya chungwa ndani. Jioni navichemsha na maganda yake, navimenya vingali vya moto, naviponda mpaka kusibaki kipande, kisha naliacha rojo lipoe kabisa, kwani likiwa la moto linaua hamira. Karibu theluthi ya unga wa ngano naitoa, naweka rojo hilo mahali pake. Maji napunguza, kiazi kina maji yake tayari. Nakanda mpaka unga uache kung'ang'ania vidole, naufunika, unaumuka wakati watoto wanafanya kazi za shule mezani pale pale. Alfajiri nawasha oveni ya mkaa, makaa kidogo chini, mengi juu. Mkate unatoka na rangi ya dhahabu hadi ndani, na unakaa laini siku mbili tatu bila kukauka. Kwa sababu una unyevu mwingi kuliko mkate wa kawaida, unawahi pia kuota ukungu, kwa hiyo kila mfuko naandika tarehe ya kuoka na kumwambia mteja asiuweke zaidi ya siku hizo.

Mheshimiwa, jambo hili linagusa wizara yako kuliko linavyoonekana. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula nchini inatoka nje. Vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza mwaka 2022, bei ya unga wa ngano ilipanda hadi huku kwetu, na maandazi yakawa madogo kila kona ya mji. Kila kilo ya ngano ninayoibadilisha kwa kiazi ni fedha inayobaki kwa mkulima wa hapa. Wa Gairo, kwa mfano, mkoani kwetu, ambako viazi vitamu ni zao la kujivunia na msimu ukichanganya vinauzwa kando ya barabara kwa bei ya kumsikitisha aliyevilima. Na kuhusu lishe, kazi ya kusambaza viazi vyenye vitamini A kwa wingi ndiyo iliyowapa watafiti Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, mmoja wao jirani yetu wa Uganda, Robert Mwanga. Utafiti upo, mbegu zipo, walaji wapo. Katikati ya mbegu na mlaji anatakiwa mtu wa kuoka, na mtu huyo mara nyingi ni mzazi mwenye jiko la nyumbani.

Sasa nikwambie tunapokwama. Mwenye duka mtaani anaonja mkate, anaupenda, halafu anauliza kama una alama ya TBS. Shule ya jirani ilitaka niwaletee mikate ya uji wa saa nne, ikaomba kibali cha jengo, mazungumzo yakaishia hapo. Ukienda kuulizia kibali, mmoja anakwambia jiko la biashara lazima liwe jengo la peke yake, mwingine anataka milango miwili, mwingine anasema eneo lenu ni la makazi hivyo hata swali lenyewe halipo. Sisemi kwamba watumishi hawa ni wabaya. Bwana afya wa kwanza kufika kwangu aliangalia ndoo za maji, akaangalia sehemu ya kunawia, akasema jiko ni safi kuliko migahawa mingi anayokagua, kisha akasema pia kwamba hana fomu ya mahali kama hapa. Nimelifikiria neno lake mara nyingi. Kama fomu haipo, hata mkaguzi mwenye nia njema ana njia mbili tu, kukufungia au kujifanya hakukuona. Wengi wetu tunaishi kwa hiyo ya pili. Tunauza kwa status za WhatsApp, tunapokea malipo kwa simu, mikate inaondoka kwa bodaboda, na hakuna ofisi inayojua nani anaoka nini wala kwa maji gani.

Hali hiyo ni mbaya hata kwa mlaji, na hapa naomba nieleweke vizuri. Mimi sipingi usimamizi wa chakula. Mwaka 2016 ndugu zetu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Mimi mwenyewe nanunua mahindi na pumba za kuku, jambo hilo linanigusa. Tangu kazi ya usalama wa chakula ilipohamishiwa TBS mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kuna chombo kimoja chenye wataalamu wa kazi hiyo. Ndiyo maana nataka kionekane jikoni kwangu. Nataka aje mtu anayejua, anikague, aniandike kwenye daftari lake, na siku mteja akilalamika ajue pa kunipata. Kwa utaratibu wa sasa anayetaka kukaguliwa anakatishwa tamaa, na asiyetaka kukaguliwa hana wa kumsumbua.

Serikali yetu ilishawahi kutambua udogo wa mtu. Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mama aliyekuwa akikimbizwa na mgambo na beseni lake la maandazi alipumua. Lakini kitambulisho kile kilimtambua mbele ya mtoza ushuru, hakikumtambua mbele ya mkaguzi wa chakula. Baadaye mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, MKUMBI, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, ukafuta na kupunguza tozo nyingi. Nashukuru kwa yote hayo. Kilichobaki upande wetu si tozo, ni aina ya usajili.

Wenzetu wamelifanya bila kuhatarisha watu wao. Jimbo la California, Marekani, tangu mwaka 2013 lina sheria ya chakula kinachotengenezwa majumbani, yenye madaraja mawili. Anayemuuzia mlaji mkono kwa mkono anajisajili na kujaza orodha ya usafi yeye mwenyewe. Anayetaka kupeleka dukani au mgahawani lazima jiko lake likaguliwe. Vyakula vinavyoruhusiwa ni vile visivyoharibika upesi: mikate, biskuti, keki zisizo na krimu. Nyama na maziwa mabichi havimo. Kila pakiti inaandikwa kwamba imetengenezwa jikoni kwa mtu nyumbani, mlaji achague akijua. Sisemi tuchukue sheria yao nzima nzima, mazingira yetu ni mengine. Kwetu cha kwanza kingekuwa maji: yanatoka wapi, yanahifadhiwaje, na choo kiko umbali gani na jiko. Kwa mfugaji kama mimi, umbali wa banda la kuku na meza ya kukandia unga uandikwe kabisa, na nguo za bandani zisiingie jikoni. Mwokaji apimwe afya kama mtayarishaji yeyote wa chakula. Kuku na mbwa wasipite jikoni, mkaa usihifadhiwe pamoja na unga. Masharti kama hayo mzazi anaweza kuyatimiza mwezi huu huu, kwa fedha aliyonayo.

Naomba pia masharti hayo yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, karatasi moja, yabandikwe ofisi ya kata. Leo mtu akitaka kujua anachotakiwa kufanya anategemea nani alimkuta ofisini siku hiyo.

SIDO inafundisha vizuri. Nimekutana na waliopita kwenye mafunzo yao ya usindikaji na unaona tofauti kwenye vifungashio vyao hadi namna wanavyoandika hesabu. Shida ni kwamba mafunzo ya kutwa nzima, siku kadhaa mfululizo, mjini, yanamwacha nje yule yule mzazi ninayemzungumzia. Yakishuka kwenye kata, kwa saa chache za asubuhi watoto wakiwa shule, mtashangaa watakavyojaa. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nao wako hapa hapa Morogoro, na sidhani kama watakosa wataalamu wa chakula wa kuja kutuonyesha namna ya kupima unyevu wa mkate.

Kuhusu mitaji nitasema kidogo, kwa kuwa ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, inayotengwa kukopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu, haiko chini yako. Asilimia nne ni ya wanawake, na sheria inataka kikundi. Kikundi ni kizuri, lakini anayelea mgonjwa mara nyingi ndiye wa kwanza kuachwa na wenzake, wanahofia marejesho. Akikosa pale anaangukia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Nimeona oveni ikibebwa kwenye toroli mchana kweupe kwa deni lililoanza dogo, mwenye oveni amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, majirani wanatazama. Mwokaji aliyesajiliwa, mwenye namba na rekodi ya ukaguzi, angekuwa na kitu cha kumwonyesha mkopeshaji wa halali. Kwa hiyo hata hili la mitaji, mlango wake wa kwanza uko kwako.

Mheshimiwa Waziri, ninachoomba hakihitaji kusubiri sheria mpya ipite ndipo kijaribiwe. Chagueni kata chache, Morogoro ikiwemo kama itawapendeza. TBS na maafisa afya wa halmashauri wakae pamoja waandike hiyo karatasi moja ya masharti, wasajili waokaji watakaojitokeza, wawafuatilie kwa mwaka mmoja, wachukue sampuli za mikate wakapime. Matokeo yakiwa mabaya tutakaa kimya. Yakiwa mazuri mtakuwa na kitu cha kupeleka bungeni.

Jiko langu liko wazi kwa mkaguzi siku yoyote, ila akija kabla ya saa mbili asubuhi ataikuta oveni bado inafanya kazi na ataona kila hatua. Naomba wizara itoe jibu kwa umma kabla ya hotuba yako ya bajeti ijayo kusomwa, ili waokaji wa nyumbani wajue kama wamo au hawamo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama mfugaji na mwokaji,
Morogoro.